Lawalawa

Kuna ugonjwa wa watoto ambao wazee wa Singida wanaweza kukuambia ulikuja lini. Wanauita lawalawa. Mtoto wa kike analia akikojoa, sehemu za siri zinakuwa nyekundu, zinawasha, pengine zinatoa usaha. Nilipoanza kuwauliza bibi zetu wa Kinyaturu, jibu lilijirudia: zamani haukuwapo. Ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, au mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Tarehe hiyo ndiyo iliyonishtua. Ni wakati uleule, baada ya Azimio la Arusha, viongozi walipoanza kuikemea hadharani mila ya ukeketaji. Maelezo ya ugonjwa yakaja yamekamilika: mizimu imekasirika kwa kuwa mila imeachwa, dawa za hospitali haziwezi, tiba ni kumkeketa mtoto. Mila iliyofukuzwa mlangoni ikarudi ikiwa dawa.

Zahanati ina majina ya kawaida kwa dalili hizo: maambukizi ya njia ya mkojo, au fangasi. Nepi iliyolowa ikikaa muda mrefu, au mtoto akipanguswa kutoka nyuma kwenda mbele, vijidudu vya choo vinahamia mbele. Tiba ni usafi, dawa ya fangasi, au antibayotiki baada ya mkojo kupimwa. Mtoto mchanga mwenye homa apelekwe siku hiyohiyo. (Rahisi kusema. Singida ni nchi kame, na ndoo ya maji ina safari ndefu.) Nadhani imani ilidumu kwa sababu vipele vingi vya watoto hupona vyenyewe, na kisu kikapewa sifa.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na kumkeketa aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa la jinai: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote. Msichana aliyekuwa akichezwa ngoma kijiji kizima kikishuhudia angeweza sasa kusema shuleni. Kichanga hasemi. Sherehe ikanyamaza, umri ukashuka hadi wiki za mwanzo za maisha, na lawalawa ikawa sababu ya kutosha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwakuta wanawake waliokeketwa Singida wakiwa takribani 31 katika kila 100.

Muuguzi mmoja aliniambia kwamba siku ya kliniki yeye huanza na beseni, kabla ya mizani: anawaonyesha kina mama namna ya kumwosha binti. Bibi zao huwa wamekaa nyuma, wanasikiliza.