Pipa la Bia Nyumbani

Kule Katanga watu wanajua munkoyo, na kule Kivu wanajua kasikisi. Pombe hizi hazingoji. Mama akiisha kuitengeneza, majirani wanaitwa, maana baada ya siku chache itakuwa kali kupita kiasi. Adui yake mkubwa ni hewa. Ikiingia chomboni, ladha inapotea, na vijidudu vya siki vinapata nguvu. Basi historia ya pipa la bia ni historia ya watu waliotafuta namna ya kutoa kinywaji bila kuingiza hewa.

Huko Uingereza zamani mapipa yaliwekwa katika chumba cha baridi chini ya nyumba, na mtumishi alishuka na kupanda akibeba mitungi. Mwaka 1797 Joseph Bramah, fundi wa kufuli, alipata hati ya serikali kwa chombo cha kupandisha bia. Pampu za mkono zikaenea katika nyumba za pombe. Kazi ikawa nyepesi, lakini shida ilibaki: kila kikombe kilipotoka, hewa iliingia kushika nafasi yake. Pipa likiisha kufunguliwa, lilipaswa kumalizwa upesi.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kuonekana penye bia yenyewe. Mwaka 1767 Joseph Priestley, mhubiri wa Kiprotestanti, alihamia mji wa Leeds, akakaa karibu na kiwanda cha bia. Aliona ya kuwa gesi inayolala juu ya bia inayochacha inazima mshumaa. Akaitia katika maji, nayo yakachangamka ulimini. Mwaka 1772 akatoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo. Ndiyo gesi ya kaboniki, inayofanya mapovu ya limonadi. Mwisho wa karne ya 19 mafundi wa Ujerumani walisukuma bia kwa gesi hiyo, iliyobanwa katika mitungi ya chuma. Sasa bia ilipotoka, nafasi yake ilishikwa na gesi, si hewa.

Lakini mpishi wa nyumbani alifungwa na sheria. Uingereza ilimtaka awe na leseni tangu mwaka 1880 hata 1963. Marekani ilikataza pombe toka 1920 mpaka 1933. Katazo lilipoondolewa, divai ya nyumbani iliruhusiwa, bia haikutajwa. Ilingoja mpaka tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya: nyumba yenye watu wazima wawili iweze kutengeneza lita 757 hivi kwa mwaka bila kodi, lakini isiuze.

Ruhusa ilipatikana, pipa je? Viwanda vya limonadi vilikuwa vikipeleka sharubati yao katika mapipa ya chuma kisichoshika kutu, ya lita 19. Vilipoanza kutumia mifuko ya plastiki ndani ya maboksi, mapipa yakauzwa kwa bei ndogo, na wapishi wa nyumbani wakayaokota. Kila moja lina midomo miwili: mmoja wa kuingiza gesi, mwingine wenye bomba linalofika chini kabisa, ambamo bia inapanda mpaka kwenye robine. Mpishi hubadili mipira ya zamani yenye harufu ya limonadi, huosha vyote kwa uangalifu, hujaza bia, huliweka pipa katika frigo na kufungulia gesi kidogo kidogo kwa muda wa juma moja. Pipa moja ni sawa na chupa 26 za sentilita 72, na bia yake hudumu kwa majuma mengi.

Tusisahau mshumaa wa Priestley. Gesi ile inaweza kumzimisha mtu pia: ikivuja katika chumba kidogo kilichofungwa, inatanda chini na kuua bila harufu. Kwa hiyo mtungi wake haufai kukaa katika chumba cha kulala.

Na kuna jambo la pili. Munkoyo ilitulazimisha kuwaita majirani, kwa kuwa haikungoja. Pipa hili linangoja. Mwenye nyumba aweza kufungua robine peke yake, leo na kesho na kesho kutwa, wala hakuna siki ya kumwambia basi. Fundi ameishinda hewa. Lakini kipimo cha kunywa, na moyo wa kumwita jirani, hakuna pampu wala gesi inayoweza kuvileta. Hivyo vyatoka kwa mwenye pipa mwenyewe.