Herufi ya Mbiu Buguruni

Steshenari ninayotoa kopi ipo Buguruni, upande wa kuelekea Malapa. Kijana wa pale akikuandalia tangazo hakuulizi unataka mwandiko gani. Anafungua Word, anateremka kwenye orodha mpaka Cooper Black, basi. Chumba cha kupanga, saluni, mbuzi wa kuuzwa: vyote vinatoka na herufi zile zile nene, za duara duara, kama zimefinyangwa kwa unga wa maandazi.

Nilipompelekea karatasi ya arobaini ya bibi, aliiandika hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho. Nikaipenda. Ilikuwa historia fupi ya marehemu: kwao Kisarawe, ndugu zake, waume zake wawili, watoto na wajukuu. Siku mbili kabla ya dua nilimpelekea Mjomba nakala aihakiki. Nikamwamkia, akaitikia, akaishika mbali na uso, kisha karibu, kisha akaikunja akaitia mfukoni. Ukimya wake nikauchukua kuwa ni idhini. Nikatoa kopi hamsini.

Kosa nililifanya mimi, na ndilo lililonituma kuitafuta asili ya herufi ile.

Herufi nene haikuzaliwa kwa ajili ya vitabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa London walianza kugombea macho ya wapita njia kwa matangazo ya ukutani. Herufi za kitabuni zilikuwa nyembamba mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo waliozisubu wakazinenepesha. Walibakiza serifu, yaani vile vijiguu vya kwenye ncha za herufi, ila sasa zilisimama juu ya mwili mzito. Risasi nayo ilikuwa na mipaka yake: herufi kubwa ya risasi ni nzito na ya gharama. Ndipo mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuchonga herufi kubwa za mbao.

Cooper Black yenyewe ni ya mwaka 1922. Aliyeichora ni Oswald Cooper wa Chicago, mtu aliyeishi kwa kuchora maandishi ya matangazo ya biashara, na kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ndiyo iliyoitoa. Itazame vizuri. Vijiguu vyake havina makali, vimeviringana kama ncha za vidole. Hata chini, pale herufi inapokalia mstari, hapakunyooka sawasawa. Matundu ya a, e na o ni madogo sana. Mwaka 1966 ilitokea kwenye jalada la santuri ya Pet Sounds ya The Beach Boys. Baadaye ikaingia kwenye programu za ofisini, na kwa njia hiyo ikafika mpaka kwa kijana wangu wa Buguruni.

Sisi tulianza kuchapa Kiswahili kwa haja nyingine. Msimulizi, lililotoka Kiungani, Unguja, kuanzia 1888, na Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yalikuwa magazeti ya habari na masimulizi, mambo ya kusomwa sentensi baada ya sentensi. Kazi ya kupaza sauti ilikuwa na mahali pake, na pengine paliponoga zaidi ni kwenye kanga. Jina la kanga, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye za Kirumi, ni maneno machache tu, makubwa, ya kusomwa na jirani aliye ng'ambo ya uchochoro. Hakuna aliyewahi kuandika barua nzima kwenye kanga.

Na Kiswahili chenyewe kinaidai herufi hii adabu fulani. Maneno yetu marefu. "Hatukopeshi" ni sentensi kamili ndani ya neno moja lenye herufi kumi na moja. Ukiliandika kwa Cooper Black linameza upana wote wa kibao. Halafu tuna a na e kila mahali, zile zile zenye matundu madogo. Zikipunguzwa mpaka ukubwa wa aya, kwenye kopi iliyotoka kwenye mashine iliyochoka, matundu yanajaa wino. A inakuwa doa. "Baba" na "bibi" vinaanza kufanana.

Ndivyo ilivyokuwa karatasi yangu. Siku ya arobaini niliwaona wazee wanasoma jina la bibi pale juu, wanatikisa kichwa, kisha wanajipepea nayo. Wiki iliyofuata nilimwendea Mjomba. Huyu alichora vibao vya maduka Ilala na Kariakoo miaka mingi, kwa brashi na rangi ya mafuta juu ya bati.

"Mjomba, ile karatasi uliisoma?"

"Jina nililisoma. Kwingine macho hayakupita." Akaitoa, bado imekunjwa. "La mgambo likilia kuna jambo. Sasa wewe umelipiga kutwa nzima, nani atajua jambo lenyewe lipi? Kwenye kibao, jina nene. Bei na simu, nyembamba."

Nikamsomea kwa sauti. Nilipofika kwa ndugu zake bibi akanyanyua mkono. Nilikuwa nimemwacha kaka yake wa tatu, aliyefia Kilwa kabla mama hajazaliwa. Katika waliobaki, Mjomba peke yake ndiye aliyekuwa akimkumbuka.

Nilirudi steshenari. Nilimwomba kijana aache jina la bibi kwa Cooper Black, kubwa, katikati, na yote mengine ayaweke kwa mwandiko mwembamba wa kitabuni. Alisita. "Itapoa hiyo, bro." Nikamwambia ipoe tu.

Safari hii Mjomba alisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari, na akanisahihishia jina jingine moja.