Upepo wa Loiyangalani, Stima ya Suswa

Mitambo ya kwanza ya upepo ambayo Wakenya wengi waliiona ilikuwa miwili tu, pale vilima vya Ngong, zawadi ya Ubelgiji ya mwaka 1993. Loiyangalani ni mambo mengine kabisa. Pale Marsabit, kati ya mlima Kulal na mlima Nyiro, upepo unabanwa ukashika kasi. Mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, ililetwa kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa malori. Barabara ya kutoka Laisamis, kilomita 208, ilibidi itengenezwe upya kwanza.

Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari. Laini ya kusafirisha stima, kazi ya serikali, haikuwa. Kampuni ya Uhispania iliyopewa zabuni ilifilisika, Wachina wakaja kumaliza, na mlipa kodi akagharamia fidia ya mabilioni kwa stima ambayo haijafika popote. Ilifika gridi Septemba 2018. Rais Uhuru Kenyatta akaenda kuzindua Julai 2019, hotuba na makofi kama kawaida.

Hiyo hasara magazeti yaliipigia kelele sana. Ya ardhi, si sana.

Mradi ulipewa ekari 150,000, ardhi ya jamii iliyokuwa chini ya baraza la wilaya kwa amana. Amana, yaani unashikiwa, si ati unauziwa. Wakazi walienda kortini mwaka 2014. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hatimiliki zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka 2023 ikakataa kuongeza muda. Mitambo haikuacha kuzunguka hata siku hiyo.

Sasa linganisha na Kinangop. Huko nako kulipangwa mradi wa upepo, megawati 60 hivi. Wakulima waliandamana, damu ikamwagika, na mwaka 2016 mradi ukafa. Mkulima wa Kinangop ana cheti cha shamba kwenye sanduku, na akifunga barabara Nairobi inasikia. Mfugaji wa Loiyangalani anafuata malisho. Akirudi anakuta ardhi ina jina la mtu. Kwangu tofauti ni hiyo tu, wala si nani alipenda maendeleo zaidi.

Nyaya zenyewe ni za kilovolti 400. Huwezi kuchota stima humo hivi hivi, lazima kuwe na kituo cha kupunguza nguvu. Zinapita juu ya manyatta na mbuzi, zaidi ya kilomita 400, hadi Suswa, Narok.