Orodha Ndani ya Orodha: Jedwali Lililoanzia Vurra

Kila anayejifunza kuandika programu hukutana mapema na orodha zilizo ndani ya orodha. Mwalimu huandika ubaoni orodha moja kubwa, na ndani yake orodha ndogondogo, kisha husema: hili ni jedwali, na kila orodha ndogo ni mstari mmoja. Mifano huwa ni alama za mtihani au bei za nyanya na vitunguu. Mwanafunzi hujua namna ya kufanya, lakini mara chache huambiwa kwa nini mambo yapangwe hivyo. Katika insha hii nitajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, nikitumia jedwali moja ambalo mizizi yake iko nyumbani kwetu, Vurra, kusini mwa mji wa Arua. Hoja yangu ni kwamba jedwali halianzi kwenye kompyuta. Huanza pale mtu anapoamua kwamba mambo yote yanayomhusu mgonjwa mmoja yaandikwe pamoja na yasitenganishwe tena.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuchunguza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto haraka. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake, na baadaye saratani hiyo ikaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kwa muda wa wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unajulikana huko. Safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa hauko kila mahali. Unapatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, na hupungua penye miinuko na baridi.

Ted Williams ndiye anayetuleta Vurra. Alikuwa daktari wa misheni katika hospitali ya Kuluva, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wagonjwa walikuja kwake kutoka pande nyingi za wilaya ya zamani ya West Nile. Wilaya hiyo ilikuwa kubwa: Arua, Koboko, Maracha, Yumbe na Nebbi za leo zote zilikuwa ndani yake. Kwa kila mtoto mwenye uvimbe huo, kumbukumbu zilitunzwa kuhusu mambo machache lakini muhimu: nyumbani kwake ni wapi, dalili zilianza lini, na umri wake. Mambo hayo hayakutawanywa, bali mahali, tarehe na umri vilibaki pamoja kama mali ya mtoto mmoja.

Sasa tuyaandike mambo hayo kama anavyoyaandika mwanafunzi wa programu katika lugha ya Python. Mahali pawe ni namba mbili za ramani, yaani kilomita kuelekea mashariki na kilomita kuelekea kaskazini. Tarehe iwe ni idadi ya siku zilizopita tangu 1 Januari 1960. Mwisho uje umri. Mistari minne ifuatayo nimeibuni mwenyewe kwa ajili ya mfano tu:

wagonjwa = [
[270, 330, 700, 6],
[273, 334, 731, 8],
[271, 331, 2900, 5],
[310, 400, 720, 7]
]

Orodha kubwa ni wagonjwa wote, na kila orodha ndogo ni mgonjwa mmoja. Kwa kuwa Python huanza kuhesabu na sifuri, wagonjwa[1] ni mgonjwa wa pili mzima, na wagonjwa[1][2] ni siku ambayo dalili zake zilianza, yaani 731, ambayo ni 1 Januari 1962. Namba ya kwanza hujibu swali "nani?" na namba ya pili hujibu swali "jambo gani lake?" Hapa ndipo ilipo faida ya orodha ndani ya orodha. Tungeweza kuandika orodha nne zisizo na uhusiano: moja ya mashariki, moja ya kaskazini, moja ya siku, moja ya umri. Lakini mtu akipanga orodha ya siku kuanzia ndogo hadi kubwa na kuziacha nyingine kama zilivyo, mtoto wa bonde moja atapewa tarehe ya mtoto wa kilima kingine. Namba zote zitabaki sahihi, ila hakutakuwa na mgonjwa hata mmoja wa kweli. Mistari ikipangwa ikiwa mizima, kosa hilo halina nafasi.

Je, mistari hiyo ilitumika kwa kazi gani? Katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na swali kubwa. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikuwa wamegundua virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kama virusi vinahusika, je, wagonjwa hujitokeza wakiwa karibu karibu mahali pamoja na wakati mmoja, kama inavyotokea katika maradhi ya kuambukiza? Mwaka huohuo wa 1964 mtaalamu Mwingereza, George Knox, alitoa njia rahisi ya kulipima jambo hilo: chukua kila jozi ya wagonjwa, uliza kama wako karibu kwa umbali, kisha uliza kama wako karibu kwa siku.

Tujaribu kwa mistari yetu minne, tukisema "karibu" ni umbali usiozidi kilomita 5 na siku zisizozidi 60. Wagonjwa wanne wanatoa jozi sita. Mgonjwa wa kwanza na wa pili wametengana kwa kilomita 5 na siku 31, kwa hiyo wako karibu kwa yote mawili. Wa kwanza na wa tatu ni kama majirani, lakini miaka sita imepita kati yao. Wa kwanza na wa nne wametengana kwa siku 20 tu, lakini kwa zaidi ya kilomita 80. Ukimaliza jozi zote utakuta tatu ziko karibu kwa umbali, tatu ziko karibu kwa siku, na moja tu iko karibu kwa yote mawili. Kama umbali na wakati havina uhusiano, tungetarajia jozi 3 × 3 ÷ 6, yaani 1.5. Tumepata 1, kwa hiyo mfano wetu hauonyeshi msongamano wowote. Katika programu, kazi hii ni mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kama zilivyo orodha zenyewe.

Swali hili la jozi haliwezekani kuulizwa kwa jumla. Ripoti inayosema kwamba mwaka fulani walikuwa wagonjwa kadhaa katika wilaya haiwezi kutuambia nani alikuwa karibu na nani. Aliyetunza jumla peke yake alikuwa tayari ameitupa mistari, na mstari uliotupwa haurudishwi kutoka kwenye jumla. Kwa sababu mistari ilitunzwa, mwaka 1967 mtakwimu Malcolm Pike, pamoja na Williams na Barbara Wright, waliweza kuchapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi wa wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965. Walikuta kwamba jozi zilizokuwa karibu kwa mahali na kwa wakati zilikuwa nyingi kuliko zilivyotarajiwa. Mwaka 1978 Williams na wenzake, akiwemo mtaalamu wa virusi Peter Tukei, walirefusha jedwali hadi mwaka 1975 na wakaona tena dalili za misongamano.

Haifai kuyakuza matokeo hayo kupita kiasi. Nchini Tanzania, katika wilaya ya Mara Kaskazini, uchunguzi wa wagonjwa wa mwaka 1964 hadi 1970 kwa njia za aina hiyo haukupata ushahidi wa msongamano. Jedwali zuri halihakikishi kwamba jibu litakuwa "ndiyo". Linahakikisha tu kwamba swali limeulizwa kwa haki, na kwamba watu wa Mara na watu wa West Nile wanaweza kulinganisha walichokipata.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya kuunganisha majedwali mawili. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile waliokuwa wazima. Kisha watafiti wakasubiri. Kila mtoto alipougua, ilibidi watafute sampuli yake ileile iliyohifadhiwa kabla ya ugonjwa. Mwaka 1978 Guy de-Thé na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 14: wengi wao walikuwa na kinga nyingi dhidi ya virusi vya Epstein na Barr muda mrefu kabla uvimbe haujatokea. Huo ulikuwa ushahidi wenye uzito kwamba virusi vilitangulia ugonjwa. Fikiria, msomaji mwenzangu, ushahidi huo ulisimama juu ya kitu gani. Ulisimama juu ya uhakika kwamba mstari wa mtoto aliyeugua na mstari wa chupa ya damu ni vya mtoto mmoja, kati ya watoto 42,000. Mistari 14 ikichanganywa, ushahidi wote unaanguka.

Wakati huohuo kompyuta nazo zilikuwa zikijifunza orodha. Mwaka uleule wa 1958 ambao Burkitt alichapisha maelezo yake, John McCarthy wa Marekani alianza kuunda LISP, lugha ambayo jina lake linatokana na kazi ya kuchakata orodha, na ambayo ndani yake orodha inaweza kuwa kipengele cha orodha nyingine bila kikomo. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alieleza namna ya kupanga hifadhi kubwa za data kwa majedwali. Python ilitolewa mwaka 1991. Njia hizi mbili, ya hospitali na ya kompyuta, zilikuja kukutana. Leo jedwali la West Nile limo ndani ya kifurushi cha programu kiitwacho splancs, cha lugha ya R, kwa jina la burkitt. Lina mistari 188, na kila mstari una mahali, siku tangu mwanzo wa 1960, umri na tarehe. Wagonjwa 188 wanatoa jozi 17,578, na kompyuta ya kawaida huzimaliza kabla hujainua kikombe cha chai. Wanafunzi wa takwimu katika nchi nyingi hujifunzia humo. R hupanga jedwali kama orodha ya safu, si orodha ya mistari: safu ya siku ni orodha moja, safu ya umri ni orodha nyingine, na lugha yenyewe huhakikisha zina urefu sawa. Mpangilio wa mistari humtanguliza mgonjwa. Mpangilio wa safu hulitanguliza swali. Anayejua programu huvuka kutoka mmoja hadi mwingine bila kupoteza mtu.

Lakini mwanahistoria anapaswa kuuliza pia nani hayumo katika orodha. Mtoto aliyefia nyumbani kabla ya kufikishwa hospitalini hana mstari. Jedwali linaonyesha wale waliofika, na kufika kulitegemea barabara, pesa na imani ya wazazi. Kuna pia mpaka. Vurra inapakana na Kongo, na mpaka huo ni kazi ya wakoloni: eneo letu lilikuwa katika Lado chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, likaenda Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914. Familia za Walugbara ziko pande zote mbili. Ukichora namba za jedwali hilo kwenye karatasi, nukta zinakoma upande wa magharibi, na mtu asiyejua historia anaweza kudhani kwamba ugonjwa nao ulikoma hapo. Ilikoma kalamu, si maradhi.

Kwa sababu hiyo naona kwamba sisi wanafunzi tunaotoka Arua na Koboko tuna jambo la kulifanyia jedwali hili ambalo mwanafunzi wa mbali hawezi. Yeye anaona 270 na 330, nasi tunaweza kufungua ramani tukaona ni bonde gani, barabara ipi ilipita, na hospitali ilikuwa mbali kiasi gani kwa mama anayetembea na mtoto mgongoni. Hatuhitaji kurudisha majina ya wagonjwa, kwani kuyaficha ni heshima wanayostahili. Tunachohitaji ni kuwafundisha wadogo zetu orodha ndani ya orodha kwa mfano huu badala ya bei za nyanya, ili wajue tangu somo la kwanza kwamba wanapofuta mstari mmoja, urefu wa orodha hupungua kwa moja, na moja hiyo ilikuwa na nyumbani kwake.