Makupa: Khabari za Kivuko, Tuta na Madaraja Yake



Baada ya hesabu za fedha na orodha ya misaada tuliyotoa kwa wafiwa na wagonjwa, nimepewa nafasi niandike machache juu ya mambo yaliyopita. Nimechagua Makupa. Wengi wetu tulitoka bara tukaingia Mombasa kwa njia hiyo, na kila mwenzetu tuliyemsindikiza kwenda kuzikwa kwao bara alipitishwa hapo. Basi si haki tupite mahali maisha yetu yote bila kujua khabari zake.

Mombasa ni kisiwa. Kwa upande mmoja kimezungukwa na hori ya Tudor, na kwa upande wa pili na Kilindini na Port Reitz. Maji ya pande hizo mbili yalikutana Makupa, na hapo ndipo kisiwa kilipokaribiana na bara kuliko pengine pote. Bahari ikijaa, mtu hakupita ila kwa chombo. Ikipwa, alivuka kwa miguu. Hivyo mlango wa kisiwa ulifunguliwa na kufungwa na bahari yenyewe, bila ya bawabu.

Mlango huo ulikuwa neema, lakini pia ulikuwa hatari. Katika mwaka wa 1589, Wareno walikuja na merikebu zao kumpiga Mir Ali Bey, Mturuki aliyekuwa Mombasa. Wakati huo huo Wazimba, watu wa vita waliotoka kusini, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya kivuko cha Makupa. Wareno wakawaachia njia, nao wakavuka na kuangamiza watu wengi. Baada ya miaka minne, yaani 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu. Kivuko nacho kikawekewa vijingome vya kukilinda, maana walikwisha kujua kwamba anayeshika Makupa ameshika mlango wa nyuma wa mji.

Njia ya mguu ilidumu mpaka ulipofika wakati wa reli. Kazi ya reli ya Uganda ilianza mwaka wa 1896, na kikwazo cha kwanza kabisa kilikuwa maji haya ya Makupa. Vyuma na mataruma yalishushwa Kilindini, kisiwani, na reli ilitakiwa iende bara. Haikuwezekana kungoja daraja la kudumu, basi likajengwa kwanza daraja la muda la miti, garimoshi likapita juu yake. Baadaye likafuata daraja la chuma, likaitwa Salisbury, kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku zile. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ya reli nzima, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Reli ilipofika Ziwa Viktoria mwaka wa 1901, Makupa haikuwa tena kivuko cha kisiwa tu, bali imekuwa koo la nchi nzima.

Baina ya vita viwili vikuu vya dunia, daraja la chuma liliondoka katika kazi, na mahali pake pakajazwa mawe na udongo. Hilo ndilo tuta la Makupa, lililochukua reli na barabara pamoja. Faida yake hakuna awezaye kuikana: chai, kahawa, nguo, mafuta na abiria vimepita hapo usiku na mchana, na riziki za wengi wetu zimetoka katika mizigo hiyo.

Lakini tuta si daraja. Daraja huwapa watu njia juu na kuyaachia maji njia chini. Tuta huwapa watu njia na kuyanyima maji. Tangu siku lilipozibwa, maji ya Tudor hayakuonana tena na maji ya Port Reitz. Yalijaa na kupwa kila upande peke yake, na mahali pa kukutania pakawa mwisho wa njia. Taka zisizochukuliwa na mkondo hukaa, na matope hutua. Pembeni mwa tuta, Kibarani, jaa la takataka za mji likakua mpaka ukingoni mwa maji, hata likafungwa. Wavuvi ndio waliolipa gharama hiyo, nao hawakuwa na haja ya reli.

Upande wa Nyali mambo yalikwenda vingine. Mwaka wa 1931 lilifunguliwa daraja lililoelea juu ya maji, na kila aliyevuka alilipa ushuru. Mwaka wa 1980 likaja daraja la saruji linalotumika mpaka leo. Uzito wa gharama ya Nyali ulionekana wazi, kwa kuwa mtu aliitoa mfukoni. Gharama ya Makupa haikuonekana, kwa kuwa ililipwa na watu wengine.

Ilichukua muda wa maisha ya mtu mzee kulirekebisha jambo hilo. Mwaka wa 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Makupa, lenye njia mbili sambamba, kila moja yenye urefu wa karibu nusu kilomita, na njia ya maji iliyozibwa na tuta ikafunguliwa. Maji ya pande mbili yakakutana tena.

Wazee wangu, sikuandika haya ili kuwalaumu waliojenga tuta. Sisi wenyewe tumekula matunda yake. Lakini chama chetu nacho hujenga na kukata mashauri, na mara nyingi tunaona njia yetu tusione ya jirani. Ni vema kila jambo linapoletwa kikaoni tuulize: ni nani atakayezibiwa njia na neema yetu hii?

Mwisho, kamati inawaomba wazee wanaokumbuka ushuru wa Nyali au uvuvi wa Makupa wafike kwa karani, khabari zao ziandikwe. Daraja likibomoka hujengwa jingine; mzee akiondoka na khabari zake, hakuna fundi wa kuzirudisha.