Unyonge Wenye Tarehe: Mwalo wa Katonga na Daftari la Walengwa

Serikali zilizokutana Copenhagen mwaka 1995, kisha Doha Novemba 2025, ziliahidi maendeleo ya jamii yasiyomwacha mnyonge nje. Hilo halina ubishi. Ubishi ni namna ya kumpata huyo mnyonge. Wapo wanaotaka daftari la walengwa wa msaada linolewe zaidi. Wapo wanaotaka lifutwe, kila mzee alipwe, kama Zanzibar ilivyoanza Aprili 2016 kuwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Kambi zote mbili zinamchukulia mnyonge kuwa mtu wa aina fulani, aliye hivyo mwaka mzima. Katonga, mwalo wa Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma, inawakatalia.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa haupo. Mwezi ukipevuka, vyombo hupumzika, na kipato cha kibarua wa chomboni kinapumzika navyo. Mwanamke anayenunua dagaa mwaloni na kuwaanika mchangani au kwenye vichanja anategemea giza hilohilo, na jua pia. Mvua moja ya ghafla inatosha kumlia mtaji. Sasa mpime kwa mizani ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF): mkutano wa mtaa unamtaja, kisha dodoso linauliza paa, vyombo vya ndani, idadi ya wategemezi. Bati alilolinunua msimu mzuri linamtoa kwenye daftari msimu mbaya.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi, tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Sipingi kufunga: dagaa ni samaki wa maisha mafupi, wakiachwa wazaliane hurudi upesi. Ila hapa unyonge haukuletwa na ukame wala uvivu. Uliletwa na agizo, lenye siku ya kuanza na ya kuisha, na waliohusika walijulikana mapema. Sijui unyonge gani mwingine ulio rahisi kuuandalia bajeti kuliko huo.

Nitajibiwa kuwa ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, na ilipopangwa kurejeshwa, Kigoma/Ujiji iliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribu kuipitisha benki. Hata ingekuwapo Mei 2024, mkopo ni deni, na anayezuiwa kufanya kazi hakopeshwi ujira wake.

Brazil ilikwishalitambua hilo: tangu 1991 humlipa mvuvi mdogo kima cha chini cha mshahara kila mwezi wa marufuku. Wapinzani hutaja udanganyifu wa kujiandikisha, na ni kweli umekuwepo huko. Lakini udanganyifu ni sababu ya kukagua daftari, si ya kukosa kuwa nalo. Kwetu BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, zimo mialoni tayari na zinawajua watu wake kwa sura. Ninathubutu kusema kwamba agizo la kufunga ziwa lisiloambatana na fungu la malipo ni kodi anayotozwa maskini kwa faida ya wote.

Linabaki swali gumu kuliko la fedha: BMU ikiandika majina, itamwandika mwenye chombo na vibarua wake tu, au na yule mama wa kwenye kichanja, ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya mtumbwi?