Kutoka Pango la Kitum Hadi Kafyu ya 2021

Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alishikwa na homa kali. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amezuru pango la Kitum, katika Mlima Elgon, ambamo ndovu huingia usiku kula chumvi ya miambani. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafia hospitalini humo. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliugua siku tisa baadaye, ila akapona. Ugonjwa ulikuwa Marburg.

Mfaransa huyo alisafiri hadi jiji kuu bila kizuizi chochote, kwa kuwa hakuna aliyejua amebeba nini. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki mwenye umri wa miaka 15 alizuru pango hilo hilo, akaugua baada ya siku tisa, akafariki. Watafiti waliingia Kitum mwaka uliofuata kusaka chanzo, wakatoka mikono mitupu. Ni popo wa matunda aliyenaswa humo mwaka 2007 aliyekutwa na virusi vya Marburg.

Kufikia Oktoba 2017, maafisa wa afya walikuwa wamejifunza. Uganda ilitangaza mkurupuko wa Marburg wilayani Kween, upande wa pili wa Elgon. Ndugu watatu wa familia moja walifariki, na mmoja wao alikuwa amevuka mpaka na kuingia Kenya kabla ya kifo chake. Mpakani hapo, jamaa huishi pande zote mbili: Wasabaoti wa Elgon na Wasebei wa Uganda ni watu wa asili moja, na njia za miguu ni nyingi kuliko vituo vya forodha. Kufunga barabara ya mpakani ya Suam pekee kusingemzuia mtu.

Walichofanya maafisa ni kuwafuata watu. Waliotangamana na mgonjwa huyo aliyevuka mpaka katika kaunti za Trans Nzoia na Pokot Magharibi walitafutwa na kuchunguzwa kwa siku 21, muda mrefu zaidi ambao virusi hivyo huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa nchini Kenya. Desemba 8, 2017, Uganda ikatangaza kwamba mkurupuko umekwisha.

Korona ilikuja na tabia nyingine. Marburg huenezwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa, na hivyo waliomkaribia huweza kuhesabika. Korona husafiri hewani, na aliyeibeba huweza kuambukiza wenzake kabla hata hajakohoa. Juni 17, 2021, maambukizi yalipopanda magharibi mwa nchi, serikali iliziwekea masharti kaunti 13, zikiwemo Bungoma na Trans Nzoia. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, masoko ya mifugo yakasitishwa kwa siku 30, na maiti zikatakiwa kuzikwa ndani ya saa 72. Wananchi walihimizwa wasisafiri kuingia wala kutoka katika kaunti hizo.

Masharti hayo yalimgusa kila mtu. Mwendeshaji bodaboda alipoteza abiria wa jioni, mchuuzi wa ng'ombe akakosa pa kuuzia, na familia za Wabukusu wa Bungoma, ambazo matanga yao huchukua siku kadhaa, zikalazimika kuzika haraka.

Historia hii haisemi kwamba zuio ni baya. Inasema kila ugonjwa una zuio lake, na la gharama ndogo zaidi ni lile linaloanza mapema: muuguzi wa zahanati ya kijijini anayeuliza mgonjwa ametoka wapi, na mwananchi anayejibu ukweli bila kuogopa kutengwa. Kaunti zinazopakana na Uganda ziwekeze huko kwanza, kabla ya kununua vizuizi vya barabarani.